Neno Ambalo Chiriku Alikataa Kuniambia

Nyumbani, chumba kilekile nyuma ya karakana
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe na nyumba yako yote? Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimekwisha au bado anakataa dawa? Sisi wazima, ila mikono yangu imechubuka kwa sabuni. Ndiyo kazi ya udobi, usinihurumie.

Sasa nikupe habari, maana zimenijaa mpaka kooni. Mwanao Chiriku, huyu kifunguamimba wangu, amepata nafasi kwenye mafunzo ya kompyuta, yale ya bure kwa wasichana wa familia kama zetu. Akirudi tu namvaa kwa maswali. Barua inaingiaje humo bila bahasha? Picha zikijaa zinakwenda wapi? Ananijibu yote, mdomo wake unaujua.

Wiki iliyopita nikamuuliza, hilo neno la siri mnaloandika kabla ya kufungua kazi zenu, lako ni lipi? Akakataa. Chiriku! Eti, "Mama, hilo haambiwi mtu yeyote." Mtu yeyote ni mimi? Mimi niliyemzaa, ninayelala naye kitanda kimoja? Mifuko ya mtaa mzima naikagua kabla ya kuloweka, hakuna kinachonipita. Nikasema hapa pana mwanamume tu. Nikamkataza kutoka.

Siku mbili alisuuza nguo pamoja nami, machozi yanadondokea beseni. Kisha akaniambia kwamba akikosa siku tatu, nafasi yake anapewa mwingine. Roho iliniuma, tena hamu ya kujua ikanizidi. Asubuhi ya siku ya tatu nikavaa gauni langu la kutokea, nikaenda mwenyewe.

Mwalimu wao ni kisichana tu! Nilimwaga yote niliyokuwa nayo, akaniacha nimalize, kisha akavuta kiti. "Karibu mama, kaa hapa tukufungulie na wewe anwani yako ya barua." Nikakaa. Tulipofika kwenye neno la siri akasema, "Chagua mwenyewe, mimi nisilione." Akageuka, akatazama ukuta.

Mdogo wangu, walionipa mgongo maishani ni wengi, na wote kwa dharau. Huyu alinipa mgongo kwa heshima. Nikakaa pale nikitafuta neno la peke yangu, machozi yakanitoka, wala sijui kwa nini.

Nilirudi mbio nikamwambia Chiriku avae viatu, siku bado haijaisha. Hata chai hakunywa. Jioni akaniuliza huku anacheka, "Na lako ni lipi, mama?" Nikamwambia akaanue mashuka.

Nisalimie shemeji, wanangu wote, na shangazi ukimpigia simu. Mungu awatunze huko mliko, awape afya na riziki.

Anwani yangu mpya iko nyuma ya karatasi hii. Niandikie huko. Barua za huko nafungua mwenyewe.

Wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Dada yako