Twiga Aliyelala Nyuma ya Tangi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu na Mama ameacha kukugombeza kuhusu chumvi. Mimi mwili ni mzima. Moyo sitautaja kwanza, maana nikianza nao sitamaliza.

Safari ilianza vizuri. Miaka saba nawakatia watu tiketi za kwenda kuona wanyama huku mimi nimegandia kiti cha ofisini, basi safari hii bosi akanituma nikakague hoteli nje ya nchi. Aliponiambia nichague mbuga, sikufikiri mara mbili. Nilitaka hii ya ng'ambo ya mpaka, ulikokuwa askari wa wanyamapori kabla hujamwoa Mama. Nilitaka kuona alikoishi Twiga, yule mbishi aliyekataa kuinama, na Kobe mchota maji. Utotoni ulitulaza kwa hadithi zao.

Siku ya kwanza tuliona tembo kumi na mmoja, na nyani akanipora mkate mkononi. Nilipiga ukelele, dereva akacheka mpaka akasimamisha gari. Nikamwambia kwa maringo kwamba zamani baba yangu ndiye aliyewalinda wanyama hawa. Akaniuliza mwaka gani. Nilipomtajia, akaacha kucheka. Alisema miaka ile hapakuwa na mnyama hapa, wote waliletwa baadaye. Palikuwa na kambi ya wafungwa wa siasa. Nilimbishia, Baba. Nilikutetea mpaka sauti ikanikauka.

Kesho yake alinipeleka kwenye mabanda ya kambi, ambayo sasa ni makumbusho. Mtunzaji wake ni mama wa rika lako, anayeongea polepole. Alitueleza kwamba askari mmoja aliwapachika wafungwa majina ya wanyama, na kwamba kaka yake, kwa urefu wake, aliitwa Twiga. Walimpiga kwa sababu alikataa kuinama. Hakuonekana tena, na kila mwaka dada mtu huyu anachimba mahali papya akitafuta mifupa yake. Nilitoka nje nikaketi chini. Watalii wenzangu walidhani ni jua.

Tangu hapo silali. Nikifumba macho naisikia sauti yako, ile ya upole, ikisema Twiga alichoka, akalala nyuma ya tangi la maji chini ya mawe matatu meupe, tusimwamshe. Nasi tulinong'ona kweli, tusimwamshe.

Sasa naungama. Nilitaka kunyamaza, nirudi nyumbani nikutazame kana kwamba sijui kitu. Nimeshindwa. Jumanne nilimshika yule mama mkono, nikampeleka nyuma ya tangi. Mawe bado yapo. Wafanyakazi wa makumbusho walichimba asubuhi nzima, wakampata. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia jina lako, na kwamba uko hai.

Hakunitukana, heri angenitukana. Alisema hadithi ya Twiga ameisikia kwangu, sasa anataka aisikie kwako, safari hii bila kumlaza mtu. Ijumaa nakuja naye. Kaka yake alikuwa na jina lake, Baba. Atakutajia mwenyewe.

Nakupenda bado, na hilo ndilo linalonitesa. Msalimie sana Mama, na umweleze wewe kwa kinywa chako kabla hatujabisha hodi.

Ni mimi mwanao,
uliyempa jina la Chiriku