Gurudumu Lililotangulia Gari

S.L.P. 118,
Lodwar, Turkana.
Jumatatu, 18 Machi 1996.

Mpendwa Dada Sellah,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi na jua. U mzima? Shemeji Magesa naye? Mgongo uliokuwa ukikusumbua mwaka jana umepoa, au bado unalala juu ya ubao? Natumaini mvua za Mwanza zimekuja kwa wakati na Clotilde anaendelea vizuri na masomo.

Mimi mwili hauna tatizo. Hapa watu wakikutana huulizana "Ejok?" nawe unajibu "Ejok-noi," kwamba uko salama kabisa. Nimekuwa nikijibu hivyo majuma matatu sasa, na kila mara ulimi unakuwa mzito.

Najua ulikuwa unajiandaa kuja kwenye harusi ya mdogo wetu Nekesa mwezi wa nne. Dada, usikate tiketi. Harusi haipo tena, na ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu.

Kamande, mchumba wake, ulimwona kwenye picha: yule mfanyabiashara mrefu anayepeleka sukari na unga Kakuma. Si mtu mbaya, na mpaka leo siwezi kusema ni mbaya. Mwezi wa kwanza alinunua Nairobi gari la spoti kuukuu, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kama sahani. Lodwar nzima ilitoka kulitazama. Nekesa alikuwa akilipenda kwa sababu Kamande alilipenda.

Jumanne ya tarehe 27 Februari, Nekesa alikuwa anarudi kazini kwake, kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kwa kawaida huja huku kila wiki mbili kuchukua dawa na kurudi na gari la dawa. Siku hiyo Kamande akasema atampeleka yeye. Njia ile ina majambazi, huipiti peke yako. Magari husubiriana, askari wakatangulia, mkaenda kwa msafara. Ilikuwa imebaki nusu saa waondoke gari lilipofika gereji kwangu na pancha, tairi la nyuma upande wa kulia, mwiba wa mgunga umepenya mpaka kwenye tyubu.

Magurudumu ya gari lile hayana nati nne wala tano kama ya kawaida. Kila moja limeshikwa na nati moja tu kubwa katikati, yenye masikio mawili, na hufunguliwa kwa kugongwa nyundo. Niliwahi kuyafanyia kazi kule Kitale, kwenye shamba la yule mzee wa farasi. Nati ya kulia hufungwa kinyume na ya kushoto, ili gari likienda mbele, mwendo wenyewe uzidi kuikaza. Basi nikaweka kibao juu ya sikio nisilichubue, nikagonga kuelekea mbele ili ifunguke. Haikufunguka. Nikagonga mpaka jasho likaingia machoni. Mwishowe nikajaribu kinyume, kuelekea nyuma, nayo ikalegea.

Pale pale nikaelewa. Fundi fulani huko Nairobi alikuwa amebadilisha vyuma vya nyuma ambavyo nati hujifungia, cha kulia akakiweka kushoto na cha kushoto kulia. Maana yake kila kilomita gari linayokwenda inaifungua nati badala ya kuikaza. Kilichokuwa kimeishika tangu Nairobi ni kutu na vumbi, na hiyo kutu mimi ndiye niliyekuwa nimeivunja.

Nikaziba pancha, nikarudisha gurudumu, nikagonga nati kwa nguvu zangu zote na kufunga masikio kwa waya. Kisha nikamvuta Kamande kando.

"Usiendeshe gari hili," nikamwambia. "Nipe siku moja nivibadilishe."

"Hii gari imetoka Nairobi mpaka hapa," akasema. "Itashindwa na Kakuma?"

"Basi simama kila kilomita kumi niigonge."

Akakubali, lakini akanishika mkono. "Nekesa usimwambie. Utamtia hofu bure."

Nami sikumwambia. Niliogopa kuonekana kaka mwenye wivu. Alikuwa amekaa garini amefunga leso kichwani, akanipungia mkono, nami nikampungia.

Nilichukua nyundo, nikapanda lori la dereva Ewoi, lililokuwa la mwisho siku hiyo badala ya gari la dawa, nyuma ya gari lao. Juu ya magunia alikaa Adhel, mama wa Sudan anayeuza mtama kambini. Tulisimama mara mbili, na kila mara niliikuta nati imerudi nyuma na waya umekazana. Mara ya tatu askari akaja mbio na kutukemea. Walikuwa wameona nyayo nyingi zikikata barabara, nyayo za watu bila mifugo. Akasema hakuna kusimama tena mpaka Kakuma.

Baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kutazama gurudumu lile. Lilianza kucheza kidogo, kama jino bovu. Ewoi akawasha taa na kupiga honi. Kamande akadhani tunamhimiza, akaongeza mwendo. Juu yetu Adhel akapiga kelele, "Barasa! Tairi inatoka! Tairi inatoka!"

Likatoka. Dada, lililipita gari likiwa limesimama wima, likatangulia mbele yao barabarani kana kwamba linawaonyesha njia, kisha likakata kushoto na kupotelea vichakani. Gari lilikaa kwa chuma, likajiburuta na cheche, likasimama ukingoni mwa korongo. Nekesa alitoka na kipaji cha uso kinavuja damu kidogo tu. Vumbi la msafara lilikuwa tayari mbali.

Gurudumu nililipata. Nati hatukuipata. Tulipokuwa tumeinama tukiitafuta mchangani, nikainua macho nikaona wanaume watatu wenye bunduki wamesimama ng'ambo ya korongo. Hawakuwa na mbuzi hata mmoja. Ewoi akaongea nao kwa Kiturkana, akarudi polepole.

"Wanasema wanataka maji," akaninong'oneza. "Lakini hii watu si ya maji. Panda."

Tulipanda, ila Kamande. Alisema hawezi kuacha gari lake, atasubiri askari warudi. Nekesa alimsihi, akamshika shati. Ewoi akawasha injini. Mimi ndiye niliyemwinua dada yetu na kumtia ndani ya lori, huku ananipiga ngumi kifuani.

Njiani aliniuliza, "Ulijua?" Nikamwambia kweli. Akasema, "Ungeniambia mimi, ningeshuka. Na yeye angeshuka." 

Askari waliporudi walikuta gari lipo na vitu vyote vimo. Mwenyewe hayupo. Nyayo zilielekea upande wa milima ya Loima. Jumapili iliyofuata wafugaji wakamleta Lodwar, hana viatu, nyayo zimechanika hadi nyama. Nilimweka kwangu. Kila mtu alimshukuru Mungu, na mimi pia. Lakini nilishangaa mbona wamemwachia.

Alhamisi iliyopita, nikimwosha miguu, akaniambia. Wale wenye bunduki hawakutaka gari wala sukari. Walimuuliza msafara hupita siku gani, askari ni wangapi, na gari la dawa hukaa wapi kwenye msafara. Aliwajibu yote. Akanisihi nisimwambie mtu.

Kesho yake Nekesa alifika kumtazama. Safari hii nilimwambia yeye kwanza, kabla ya askari, na mlango wazi, Kamande akisikia. Akaenda akasimama kando ya kitanda.

"Uliwaambia gari la dawa hukaa wapi?"

"La mwisho," Kamande akasema.

"Na mimi hukaa wapi?"

Kamande akageukia ukutani. Nekesa alikwenda mwenyewe kituo cha polisi kutoa taarifa, mimi nikamfuata. Jana Kamande alipanda basi la Kitale, na hakuna aliyemsindikiza.

Sasa askari wamefuta siku za msafara. Safari hutangazwa saa ile ile ya kuondoka. Nilimwomba Nekesa abaki, aombe uhamisho. Akasema kambini kuna akina mama wanaokaribia kujifungua, nao hawawezi kungoja barabara ipoe. Jana mfugaji mmoja alisema kuna moto unaonekana karibu na lile korongo, na si wa wachunga mbuzi.

Dada, nilikuwa sijamaliza kuandika, askari amekuja kusema msafara unaondoka sasa hivi. Gari la dawa wameliweka katikati. Nekesa ameshapanda, nami naenda naye. Sitamwacha apite pale peke yake. Barua hii namwachia mwenye duka aitie posta.

Nisalimie Shemeji Magesa, Clotilde na mama mkwe wako. Mama usimwambie bado. Mungu awafunike, na atufunike sisi leo mpaka saa kumi, tutakapofika Kakuma.

Ndugu yako, ambaye upendo wake kwako haupungui,

Barasa