Kaburi namba 417

Tuhfa uko wapi??

Leo semina ya walimu wa historia imetupeleka kwenye makaburi ya manamba, wale vibarua wa mkataba wa enzi za mkoloni, kwenye shamba la mkonge. Mwezeshaji akanichagua nifundishe somo la mfano. Nikapanda juu ya kaburi moja, nikasema kwa sauti, "Hawa waliandikwa namba zao za kazi tu. Hawana wenyewe."

Nikainama niwasomee namba. 417.

Tuhfa, 417! Ndiyo namba ya kipande cha kazi cha babu, ile kadi ya kibarua ninayowaonyesha wanafunzi kila mwaka! Babu yetu tuliyeambiwa alimtoroka bibi akaenda kuoa Pangani!

Mwezeshaji ananiambia, "Mwalimu Imakulata, endelea."

Niendelee na nini? Bibi amekufa akimlaani. Nami nimemkanyaga nikisema hana mwenyewe.

Mama anapiga. Sijapokea.