Kigango Kilichogeuka

Malindi, Jumanne

Kaka Mwaringa, shikamoo. Mwaendeleaje huko Mombasa? Mama hajambo, ila goti lamsumbua. Hapa makumbushoni wageni ni wachache, kutwa nzima nafuta vumbi kwenye picha.

Mwezi uliopita tuliletewa kigango kilichorudishwa kutoka ng'ambo. Bwana Abdulkadir, mkubwa wetu, huwaeleza wageni kwamba mzee wa Kigiriama akifa huchongewa mti mfano wa mtu, na mti huo haung'olewi kamwe. Kadi yake imeandikwa "Mzee asiyejulikana". Nilipokifuta niliona kovu begani, palepale ulipokipiga panga kigango cha Babu tukicheza, ukaniapisha nisiseme. Ulituambia kimeliwa na mchwa, kaka. Sikuona hata tundu moja la mchwa.

Tulikisimamisha kikitazama mlango. Kila asubuhi twakikuta kimegeukia bara, upande wa kwetu. Abdulkadir alikaza skrubu kwa mkono wake, akaenda na ufunguo nyumbani. Wapi! Siku hizi hapiti chumba kile bila kusoma dua.

Nami nimefanya kosa, unisamehe. Jumamosi mchana tulibaki wawili, mimi na Babu, nikamhurumia. Nikamwambia, "Babu, usitazame kwetu, hakuna aliyekutoa huko ila Mwaringa, na sasa anakaa Mombasa."

Tangu Jumapili hatazami bara tena. Anatazama kusini.

Njoo umrudishe nyumbani, kaka, kabla hajachoka kutazama.

Dadako,
Kadzo