Musalaba ya Mukula

Annexe, Lubumbashi

Kwa yaya yangu Paulin, kaka yangu mukubwa, kule Kinshasa,

Jambo sana, yaya. Huku mvua imeanza, mahindi imeota muzuri, na Baba anakohoa kidogo tu.

Banapitisha barabara mupya pa makaburi, njo maana juzi tulihamisha Mama. Misalaba ya bajirani muchwa ilikula yote, ikabakia vumbi. Lakini yetu, ile Baba alichonga mu muti ya mukula mwaka Mama alikufa! Tulivuta bantu bane, ikakatala kutoka. Hata kipande chenye kililala mu udongo kilikuwa kigumu kama chuma.

Niliibeba mupaka ku atelye yangu ya useremala. Nilipitisha rabo ya kulainisha mbao mara moja, ile rangi ya majivu ikatoka, na chini mbao ilikuwa nyekundu kama nyama, sawa siku ilipasuliwa. Yaya, miye mwenye kutengeneza milango na bitanda kila siku, nilizimisha redio. Baba aliweka mukono juu yake, akauacha pale muda murefu.

Sasa iko mu chumba yako. Nilitaka kuipanda ku kaburi mupya, Baba akakatala: «Mutoto wa kwanza njo anapandaka. Tunangoja Paulin.»

Ulisema kazi ni mingi, nilisikia. Mukula itakungoja, yaya, hata miaka makumi mbili, haina shida. Lakini Baba hakuchongwa mu mukula.

Ni miye mudogo wako,
Syntiche