Jiko la Baba Mkwe

Jumanne, 3 Juni 2025

Uyole inatutesa. Leo asubuhi majani yote nje meupe kwa sakitu. Baba mkwe kakohoa tangu kabla jua halijatoka. Mtu wa Kyela, kazoea joto la kule chini, unamleta huku mwezi wa sita – utadhani tunamwadhibu! Ila kliniki iko huku, tungefanyaje?

Daktari kamwambia mume wangu Ezron bila kuzunguka: mapafu yamechoka, nimonia ikirudi tena mzee hataiweza. Alale penye joto. Na jiko la mkaa chumbani marufuku, hewa yake inaua mtu usingizini.

Nikamwambia Ezron basi tutafute jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje. Mume wangu kacheka – kama wazungu? Nikamwambia hapana, kama watu wenye baba.

Jumamosi, 7 Juni

Sokoni Mwanjelwa toka asubuhi. Miguu inawaka.

Jiko la kwanza: la bati, limepakwa rangi nyeusi inang'aa, zuri kwa macho. Nikaligonga kwa ufunguo. Debe tupu! Msimu mmoja limetoboka. Muuzaji kanuna, ati mama unagonga kama unanunua tikiti maji. Ndiyo, nagonga!

La pili: la chuma cha kumimina, lilitoka nyumba ya mapadri. Zito, zuri mno, nikalishika hadi nikaona aibu. Bei yake tungeuza kochi na aliyekaa juu yake.

Wa tatu ni Clement, fundi wa kuchomelea hapahapa Uyole. Anatumia chuma kinene cha malori mabovu, ndani anajenga kwa matofali ili joto likae. Kanionyesha mlango: weka karatasi, funga, vuta. Haikuchomoka. Hapo ndipo nikampenda. Kaniuliza kuni zangu zipi. Nikasema mabanzi ya paini, Ezron ni dereva wa lori, akipakia mbao Mafinga anapewa bure. Clement kasikitika – yakiwa mabichi bomba litajaa masizi. Yakauke kwanza, tena tuchanganye na milingoti, yaani mikaratusi.

Tumekubaliana. Nimerudi natembea kama nimeshinda kesi.

Ijumaa, 13 Juni

Limefika! Wanaume wanne kulibeba. Limekaa sebuleni, bomba limetoka juu ya dirisha. Nimewasha saa kumi. Baada ya nusu saa nimevua sweta – Uyole, mwezi wa sita, nimevua sweta! Nimelia kidogo, sijui kwa nini.

Rozalia wa jirani kaja kuota moto. Yeye ni Msafwa, mambo yetu Wanyakyusa yanamshangaza. Sasa wewe na mzee mtaotaje pamoja nanyi hamwonani? Nikasema akitoka yeye chumbani nitaingia mimi jikoni, kile kibanda cha nje. Kashangaa: miaka kumi na minne ya ndoa hujamwona baba mkwe wako? Sijamwona. Hatusemezani. Chakula naacha mlangoni kwake, naondoka, kisha anafungua. Akiwa na neno, humwambia Ezron, Ezron ananiambia. Ndiyo heshima, mkwe na mkamwana. Rozalia kasema hiyo ni kazi ngumu kuliko ndoa yenyewe. Mchokozi yule.

Jumapili, 15 Juni

Mjinga mimi. Mjinga!

Juzi na jana nimewasha jiko, nikajifungia jikoni nje na blanketi, meno yanagongana, nikifurahi mzee anapata joto. Leo Ezron karudi safari kanikuta huko. Kaingia sebuleni – hakuna mtu. Mzee yuko chumbani kwake, kajikunyata, anakohoa. Kamuuliza baba kwa nini hutoki? Kajibu hawezi kukaa kwenye moto ambao umemfukuza mtoto wa watu akapigwe na baridi nje.

Siku mbili nzima! Yeye kule anatetemeka kwa ajili yangu, mimi huku natetemeka kwa ajili yake, jiko linapasha makochi!

Nimecheka hadi machozi. Kisha nikasikia kile kikohozi, kicheko kikaisha.

Jumatano, 18 Juni

Ezron anataka jiko lihamie chumbani kwa mzee. Nikamuuliza nani ataweka kuni ukiwa safarini? Mzee hawezi kuinama, mimi siwezi kuingia.

Ndipo nikasema – ukuta. Chumba cha mzee na sebule vinapakana. Tutoboe. Jiko likae katikati, mlango wa kuni upande wangu, mgongo upande wake. Ezron kanitazama kama nimepagawa. Kaenda kumwuliza baba. Karudi anatabasamu: mzee kasema ndaga, asante, na kwamba mkeo ana akili kuliko wewe. Hilo la pili ningependa aliandike na kulitia sahihi.

Jumamosi, 21 Juni

Clement katoboa, kajenga, kaziba pembeni kwa udongo. Kasema udongo utapasuka kidogo ukikauka, nisiogope, atarudi kuziba.

Jioni mimi upande huu, mzee upande ule. Hatuonani. Nasikia kiti chake kikisogea karibu. Nikisogeza kuni, yeye anaguna kwa raha. Nimekaa pale bila kazi yoyote, nimekaa tu. Sikujua nilikuwa namhurumia kiasi hiki.

Ijumaa, 27 Juni

Wiki nzima mzee hajakohoa asubuhi! Kwangu sasa – mafua, kichwa, mgongo. Ezron kaondoka na mbao kwenda Iringa.

Jumapili, 29 Juni

Lori limeharibika Ipogolo, kulekule Iringa. Ezron kapiga simu saa nne, spea mpaka kesho. Rozalia yuko kanisani, halafu ana kikao cha kwaya. Homa imenipanda. Chakula cha mzee nimekiweka mlangoni kwa kujikongoja, changu sikukiweza.

Nilikuja kuweka kuni nikashindwa kuinuka. Nimelala mkekani mbele ya jiko na shuka langu, naandika. Moto umebaki makaa. Kikapu cha kuni kiko mlango wa nje, mbali kama Kyela.

Kiti cha mzee kimesogea.

Kaongea! Kupitia ufa wa ule udongo uliopasuka pembeni mwa jiko. Nilidhani ni homa. Sauti ndogo, ya upole, si nzito kama nilivyoifikiria miaka yote. Kasema: "Mwanangu, moto unazimika. Unaumwa?"

Hakuna Ezron wa kunipelekea jibu. Nikikaa kimya atadhani nimekufa. Nikijibu – sijui nikijibu inakuwaje. Mama hakunifundisha hapo.

Karudia. "Usiogope. Nimegeukia dirishani. Nakuja kukuwekea kuni, wewe jifunike shuka usoni, mimi sitatazama."

Nasikia fimbo. Kitasa chake kinazunguka. Mzee wa watu, haoni vizuri, na pale mlangoni kwake pana ngazi mbili za kushukia sebuleni, huzishuka kwa kushikwa mkono, hajawahi kutoka mimi nikiwa hapa –

Nimejifunika. Naandikia ndani ya shuka. Sasa nimeshasema, kwa sauti, "Baba, angalia ngazi." Fimbo imesimama, kisha ikagonga ngazi ya kwanza, taratibu.