Mianzi Yako, Kaka Shomari

Gongoni, Tabora,
2 Novemba 1974

Kwa kaka yangu Shomari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo stesheni Tura, wewe na wenzako wa reli. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina kero, na kero yenyewe umeipanda wewe.

Ile mianzi yako ya uani imetushinda. Ulileta kijiti kimoja ndani ya kopo, ukasema itatupa kivuli na fito za kujengea. Kivuli tumekipata, kaka, tena mpaka nguo hazikauki. Leo unakata hapa, kesho imechomoza pale. Imetokeza jikoni katikati ya mafiga. Imetokeza chooni kwa Mzee Mfaume, jirani yetu, ambaye sasa ndiye balozi wa nyumba kumi, na aligunduaje usiniulize. Hayo ni ya kucheka. Lisilo la kucheka ni ukuta wa chumba cha mama. Umepasuka kutoka chini hadi dirishani, na mawingu ya mvua yameshaanza kujikusanya. Nyumba ya udongo ile, unaijua.

Mzee Mfaume alikuja akasema kwa upole kwamba ujamaa ni kugawana, lakini mianzi yeye hakuomba. Akajitolea kuleta watu wa nyumba kumi waing'oe yote Jumapili moja, iwe kazi ya kujitegemea. Mama akakataa katakata. Alisema Shomari ameandika kwamba atakuja kuikata mwenyewe, kwa hiyo asiiguse mtu. Kweli uliandika hivyo, tangu mwaka juzi. Idi hii nayo imepita hukuonekana. Tura si Ulaya, kaka. Treni inapita hapo mlangoni kwako.

Basi nikaamua kuizuia badala ya kuing'oa. Mimi na mume wangu Mussa tukachimba mtaro kuizunguka, kina cha kufika kiunoni, mikono ikatoka malengelenge. Tukasimamisha mabati chakavu mle ndani, tukafukia, mizizi isipite. Nikajisifu mtaa mzima. Wapi! Machipukizi yakatokea tena upande wa mama, manene kuliko ya kwanza. Nikamlaumu Mussa kwamba ameacha mwanya, tukanuniana. Kisha nikayalaumu maji ya udhu, maana mama kila akitawadha huyamwaga palepale, mtu asije akayakanyaga. Nikamwomba amwage kwingine. Akaitikia vizuri tu, akaendelea.

Juzi nilikwenda kupanga foleni ya sukari, nikaambiwa imekwisha, nikarudi mapema. Nilimkuta mama, na magoti yake yale mabovu, amechuchumaa kwenye mtaro wetu. Ameshafukua bati moja, amelilaza pembeni, anaupitisha mzizi upande wa pili na kuufunika udongo kwa mkono, taratibu, kama mtu anayepanda viazi. Nilipandwa na hasira, nikamwambia chumba kitamwangukia. Hakunikaripia. Alisema, "Shomari kasema atakuja kuikata mwenyewe. Ikiisha, atakuja kufuata nini?"

Nikaweka chini kikapu changu kitupu, nikapiga magoti, nikamsaidia kufukia.

Kitanda chake nimekihamishia kwetu, lakini mchana anarudi kukaa kwenye chumba chake, chini ya ufa ule ule, na hakuna anayeweza kumtoa. Kaka, nimechoka. Nimechoka na mianzi, na nimechoka zaidi kukutetea. Kama huji, mwandikie hivyo wewe mwenyewe, na utafute mtu mwingine wa kumsomea, maana mimi sitamsomea.

Mussa anakusalimu sana. Mzee Mfaume naye anakusalimu, ingawa salamu zake nimezipunguza makali. Mama nilimwuliza nikuandikie salamu gani. Amesema nisiandike kitu, atakupa ukifika.

Mdogo wako,
Batuli